Jiwe Lililofukizwa

Zaina alizikwa Mwera baada ya swala ya alasiri, na mimi, kama ilivyo desturi yetu wanawake, nilibaki ndani nikisikiliza sauti za wanaume zikififia kuelekea makaburini. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka chumbani kwake, mgongo nimeuegemeza kwenye kitanda alichofia. Chumba kilinukia udi na mafuta ya kuchua. Binti yake mkubwa, Mwanajuma, akaja akapiga magoti mbele yangu, akafungua pindo la kanga yake na kutoa kitu kilichoviringishwa katika kitambaa kilichopauka. "Mama mkubwa," akasema, "mama aliniagiza nikupe hiki mkononi mwako, nisimpe mtu mwingine. Tena akasema nikwambie usikifukize." Wanawake waliokuwa karibu wakatazamana. Mimi nikacheka. Nilicheka msibani, mbele ya watu, mpaka kanga ikaniteleza kichwani, na kicheko kilipokwisha ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu niletewe habari. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kibanzi cha jiwe, kirefu kama kidole. Sikuwa na haja ya kukitazama. Mwenzake ninacho mimi, na nimekaa nacho tangu sisi ni watoto.

Sitaeleza sana habari za wazazi wetu. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hajatoka eda, na hayo yanatosha. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, tunakaa Tanga, pembezoni mwa Chumbageni, katika vyumba viwili vya kupanga vyenye kuta za udongo na paa la makuti lililokuwa limeanza kuoza upande wa jikoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne mama alipoanza kuugua. Zaina alikuwa na kumi. Sefu, kitinda mimba wetu, alikuwa bado hajang'oa jino hata moja. Nikiufikiria mwaka ule sasa, siuoni kama mwaka. Nauona kama ukumbi mrefu wenye giza, na mwisho wake mlango, na mlango huo ni mwezi wa mfungo.

Mlango huo uliwekwa siku ya arubaini ya mama. Wanaume walikaa ukumbini baada ya hitima, na mimi nilikuwa uani nikisonga bada, ugali wetu wa muhogo, Zaina akiangalia chungu cha samaki wa chukuchuku. Ukuta wa udongo hauzuii maneno. Nilimsikia baba mkubwa Athumani, kaka yake baba aliyekuja kutoka Mwera, akisema kwa sauti yake ya taratibu kwamba yeye atamchukua Zaina, kwamba shangazi wa Pemba amekubali kumlea Sefu, na kwamba mimi ni mtu mzima, nitatafutiwa mume. Mtu mmoja akauliza kama Pemba si mbali kwa mtoto mdogo vile. Mwingine akajibu kuwa mtoto mdogo ndiye anayesahau upesi. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka wakiwa na njaa na chakula kinanukia. Zaina aliacha kukoroga. Aliniangalia, mwiko juu, mchuzi ukimdondokea mguuni, na hakuonekana kuusikia moto wake.

Niliingia na sinia, nikaitua, na badala ya kutoka nikapiga magoti palepale. Nilimwamkia baba mkubwa upya ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Nilisema nina neno. Nikasema mama alipokuwa anakata roho aliushika mkono wangu na ule wa Zaina na ule wa Sefu kwa pamoja, na kwamba mimi sikuelewa vingine ila tusiachane. Baba mkubwa hakuwa mtu katili. Nimeishi miaka mingi nikitamani angekuwa katili, maana ningejua pa kuiweka chuki yangu. Alinawa mikono polepole, akaifuta, ndipo akasema: "Mwanangu, maneno ya mama yako nayaheshimu. Lakini vyumba hivi ni vya kupanga na mwenyewe anavitaka. Nionyeshe paa. Nionyeshe na chungu kinachochemka chini ya paa hilo. Mwezi wa mfungo ukiandama na havipo, nitakuja kuwachukua. Sitaki wana wa ndugu yangu wafuturu kwa watu."

Jirani yetu Bi Kidawa ndiye aliyenipatia kazi. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye chumba kimoja na kitanda kimoja, na ulimi uliojua kila nyumba ya Chumbageni inapika nini. Alifahamiana na Mzee Mhina, Mbondei mmoja mpishi wa Mzungu, Mkristo mcha Mungu ambaye kila Ijumaa alimletea Bi Kidawa kichwa cha samaki akidai amekosea kununua. Mhina akaniombea kazi ya kufua na kufagia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani, yenye dari la juu na kuta nene zilizotoa jasho la chumvi. Mzungu huyo alikuwa mtafuta madini wa kampuni fulani, na mtaa mzima ulimwita Bwana Mawe. Alikuwa mrefu, mwenye ngozi iliyobabuka puani, na Kiswahili alichojifunza kwenye machimbo ya bara, kinachokwenda kama mkokoteni wenye gurudumu moja bovu.

Chumba chake cha chakula hakikuwa cha chakula. Mezani kulikuwa na trei za mbao zilizojaa mawe, chupa ndogo zenye vizibo vya kioo, kisu, kipande cha kioo cha dirisha kilichojaa mikwaruzo, na kigae cheupe ambacho juu yake alikuwa akisugua mawe ili aone unga wake una rangi gani. Alikula hapohapo, akizisogeza trei kwa kiwiko. Mhina aliingia na bakuli la supu akitafuta pa kuliweka, na kila siku alirudi jikoni akinung'unika kwamba ipo siku bwana huyu atatafuna changarawe akidhani ni mfupa. Chai alimtilia katika bilauri, na kabla ya kumimina alitanguliza kijiko ndani yake. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. Bilauri bila kijiko inapasuka, alisema, joto linaikuta haijajiandaa. Nililisikia neno hilo. Sikujua kuwa litakuja kunihusu.

Kulikuwa na chumba cha uani, stoo iliyokuwa na magunia matupu na baiskeli isiyokuwa na mnyororo. Kilikuwa na mlango wa mvule wenye komeo la chuma, paa la bati, na dirisha dogo lililotazama mpapai. Kila nilipofagia ua nilikiangalia. Nilikwisha kuipanga mikeka kichwani: Sefu ukutani, Zaina katikati, mimi mlangoni. Wiki ya pili nilijikaza nikamwomba Bwana Mawe nikae humo na wadogo zangu. Hakukasirika. Alisema watoto watayagusa mawe, na mawe yakichanganyika kazi yake yote inakufa. Mhina alinisemea, akaambiwa vilevile. Nikarudi kufua.

Lakini mtu yule alikuwa mpweke, na mpweke hupenda kuonyesha. Mchana mmoja aliniita nikiwa na ufagio mkononi. Katika kibano alishika chembe ndogo kama punje ya mchele na kuielekeza dirishani. Akanionyesha kwa ubavu: ilikuwa kijani, kijani cha jani changa la mgomba likipitwa na jua. Akaigeuza nikaitazama kwa kichwani, nikaiona kahawia, kama chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Nilidhani amebadilisha. Akaigeuza tena, kijani. Akaigeuza, kahawia. "Jiwe moja tu," akasema, na macho yake yalikuwa ya mtoto. Akaikwaruza kwenye kioo, kioo kikaachwa na mchirizi, chembe haikudhurika. Akadondosha tone la maji makali juu ya kipande cha jiwe la pwani, lile la matumbawe tunalochomea chokaa, likatoa povu kama limetukanwa. Akadondosha juu ya chembe yake, ikanyamaza. Mwisho akafungua chupa yenye maji mazito yanayonukia utamu wa kuumiza kichwa. Vijiwe vyeupe vya kawaida vilielea ndani yake kama maganda. Chembe ya kijani ilizama, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi. Jina lake, alisema, ni kornerupini. Nililirudia jina hilo nikifua mashuka mpaka likazoea mdomo wangu.

Alisema kwamba jiwe hilo ni adimu, kwamba hata wenye elimu yake wengi hawajaliona kwa macho, na kwamba hukua refu kama kijiti, limejaa nyuzi kwa ndani. Yeye alikuwa amepata vipande tu, katika mchanga wa mito inayotoka milimani. Kisha akasema maneno ambayo niliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto katika kifuu. "Mtu kuniletea zima, na miisho yake yote miwili, mimi nitampa kile anataka." Jikoni Mhina alinionya. "Binti yangu, mkubwa akisema atakupa unachotaka, ana maana kile ambacho yeye hakitaki." Tukacheka. Lakini mimi nilijua ninachotaka, kilikuwa na komeo la chuma.

Mwezi wa Shaabani ukaandama na mimi sina kitu. Mwenye nyumba alianza kupitapita asubuhi akikagua makuti kama vile yeye ndiye aliyekuwa akilala chini yake. Tulikula uji wa muhogo asubuhi na bada jioni, na siku nyingine bada ikawa ndiyo uji. Sefu aliacha kuomba chakula, jambo ambalo lilinitisha kuliko kilio chake. Zaina alianza kumfundisha kuhesabu vidole vya mkono, na nilipomuuliza kwa nini, alisema akiwa Pemba asije akaibiwa. Alikuwa ameshakubali. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amekubali, na mimi niliyepiga magoti mbele ya wanaume nikawa ndiye pekee ninayekataa, tena sina hata la kukatalia.

Ijumaa moja alasiri tulikwenda kupalilia kaburi la mama. Kwetu kaburi la mtu asiye na uwezo halijengewi. Huzungushiwa vijiwe, na watoto ndio wanaoviokota: vyeupe vya pwani, vigae vya sahani zilizovunjika, chochote chenye kung'aa. Zaina alikuwa amekusanya vingi, na kimoja, kijiwe kirefu mfano wa kijiti, alikuwa amekisimamisha kichwani mwa kaburi kama mwimo wa mlango. Alikiokota katika lundo la kokoto zilizoletwa na lori kutoka bara kwa ajili ya barabara. Nilishakiona mara nyingi. Ukisimama na kukitazama kutoka juu kilikuwa cha kahawia, cha kawaida, na mimi nilidhani ni kipande cha chupa ya dawa. Siku ile nilichuchumaa kung'oa nyasi, jua limeinama, na mwanga ukakipita kijiwe kile kutoka ubavuni. Kilikuwa kijani.

Nikasimama, kahawia. Nikachuchumaa, kijani. Zaina akaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nilimweleza yote, chembe, chupa, chumba cha uani, na maneno yalinitoka yakigongana. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa kati yangu na jiwe. "Hili nilimpa mama," akasema. "Kitu cha maiti kinaombwaje?" Nikamwambia tunaliomba kwa ajili yake yeye na Sefu. "Basi liombe wewe," akasema. "Mimi sina uso." Nikamwomba mama kwa sauti, katikati ya makaburi, mbele ya mbuzi na mtu mmoja aliyekuwa anakata kuni. Nilimwambia nampokonya jiwe lake ili nisimpokonye watoto wake. Nilipomaliza, Zaina mwenyewe ndiye aliyelichimbua kwa vidole, akalifutia kwenye gauni. Lilikuwa refu kuliko kidole changu cha kati, na miisho yake yote miwili ilikuwa mizima.

Tulipofika karibu na nyumba Zaina akasimama. Alisema kitu cha kaburini hakiingii ndani hivihivi. Alikuwa na haki, sote tulilelewa hivyo, na mimi nisingethubutu kukipitisha mlangoni mwa nyumba yenye mtoto mdogo. Tukaenda kwa Bi Kidawa, tulikokuwa tumemwacha Sefu, tukamweleza tukiwa bado uani. Bi Kidawa hakututania hata kidogo. Alilichukua jiwe kwa ncha ya kanga, akaligeuza, akasema linahitaji kufukizwa, tena si kupitishwa juu ya moshi tu kama nguo, bali likae motoni mpaka ubaridi wa kaburi ulitoke, kisha litiwe katika maji ya kombe. Ninakumbuka nilimuuliza kama moto hautaliharibu. Naye akajibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angejibu, maana sisi jiwe tulilolijua kwa moto ni la aina mbili. Jiwe la pwani likichomwa huwa chokaa. Jiwe la bara ni figa, na figa hukaa motoni umri wake wote, likiloweshwa na uji ufurikao, na wala halifi. "Hili la bara," akasema Bi Kidawa. "Hili ni figa dogo."

Chumba chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba tulikaa magoti yakigusana. Aliandika aya kwa zafarani ndani ya bakuli jeupe la kauri, akaimiminia maji ya mtungi, yale maji ya mtungini yaliyo baridi hata mchana wa kaskazi. Akapuliza chetezo mpaka makaa yakawa mekundu, akalilaza jiwe katikati, akatia ubani. Moshi ukapanda ukatufunika. Sefu alipiga chafya na Bi Kidawa akamwombea heri bila kuacha kusoma. Zaina alikuwa ameushika mkono wangu. Nasema kweli, katika mwaka ule wote ilikuwa ndiyo saa pekee niliyokuwa na raha. Kila mtu niliyempenda na aliye hai alikuwa ndani ya chumba kile, na jiwe lilikuwa likisafishwa, na kesho tungekuwa na paa. Bi Kidawa akamaliza kusoma, akalitoa jiwe kwa koleo, akalidondosha katika bakuli.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyevunja ukuni mkavu chumba cha pili. Maji yaliruka, yakatulia. Kisha Zaina akatia mkono katika maji ya zafarani, akatoa kipande kinene, akakiweka juu ya mkeka, akatoa kibanzi, akatoa kingine. Lilikuwa limepasuka kwa urefu wake, nyoofu, kama linavyopasuka kuti, na sura za ndani zilimetameta kama vile siku zote zilikuwa zinangoja kuonekana. Bi Kidawa aliyatazama makaa, akalitazama bakuli, akayatazama mafiga yake matatu meusi pale pembeni. "Mbona haya hayapasuki?" akauliza kwa sauti ndogo, na alikuwa hamuulizi yeyote kati yetu.

Asubuhi nilivipeleka hivyohivyo. Mhina alivifungua jikoni, akavitazama, akaketi juu ya gunia la mkaa na suruali yake nyeupe. Alinisindikiza mpaka chumba cha mawe, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Bwana Mawe alikishika kipande kinene kwa kibano, akakielekeza dirishani, na nikauona uso wake ukibadilika. Alikitia katika chupa, kikazama. Alikikwaruzisha kwenye kioo. Alivipanga vitatu pamoja juu ya kiganja, akavibana kwa vidole, na kwa kitambo kidogo jiwe likawa zima tena mkononi mwake, miisho miwili, ubavu wa kijani. Alipolegeza vidole likaachana. Aliuliza nani amevunja. Nikasema moto na maji. Alifumba macho. Kisha akanieleza, si kwa hasira, kwamba jiwe hili lina njia ndani yake, mistari inayokwenda na urefu, na kwamba likishtushwa hufuata njia hizo, hata bilauri ingepasuka. Mhina alikohoa nyuma yangu. Nilimwomba chumba cha uani. Nilimwomba kwa magoti, nikisema ni jiwe lilelile, rangi ileile, uzito uleule, halikupungua kitu. "Mimi alisema zima," akajibu, na alionekana kama mtu anayeumia. Alisema kampuni inamwita, pengine baada ya masika nyumba yenyewe haitakuwa yake. Alikihitaji kipande kinene kwa uchunguzi wake, akanipa pesa. Nilizipokea, kwa sababu Sefu alikuwa hajala. Vile vibanzi viwili alinirudishia mkononi na kunifunga vidole juu yake.

Mwezi wa mfungo uliandama na mvua za kwanza za masika. Baba mkubwa alifika amelowa mpaka kanzu imemganda, akakuta vyumba vyetu vitupu na sisi kwa Bi Kidawa. Tangu siku ya jiwe Bi Kidawa alikuwa hasemi sana. Alikuwa amekitoa kitanda chake nje, akakiuza ili chumba kiingie mikeka, na baba mkubwa alipobisha hodi alimkuta amesimama mlangoni kama askari. "Paa ndilo hilo linavuja," akamwambia, "na chungu ndicho hicho kinachemka. Kama unawataka, anza kunitoa mimi." Baba mkubwa aliketi, akawekewa uji wa kufuturia, akaitazama mvua ile inayomwagika nje. Aliongea nasi kwa upole. Sefu abaki, alisema, na mimi nibaki, atawaarifu wa Pemba. Lakini Zaina alikuwa msichana anayekaribia kuvunja ungo, na msichana wa umri ule halali katika chumba cha kupanga kisicho na mwanamume wa ukoo wake, mahali ambapo mlango unafungwa kwa kamba. "Ungekuwa na mlango wenye komeo," akaniambia, "ningefikiri." Hakujua alichokuwa anakisema.

Nilibishana naye mpaka sauti ikakatika. Zaina ndiye aliyenyamazisha ugomvi kwa kuanza kufunga kanga zake. Tulimsindikiza kituoni kwenye basi la Pangani, tope hadi kwenye vifundo, Sefu akilia kwa sauti ya mnyama. Nilikuwa na vibanzi vile pindoni. Kimoja nikamtia mkononi, nikamwambia akikitazama kwa kichwani akigeuze, asikubali rangi ya kwanza. Alikitazama, akakigeuza, akanitazama mimi. "Da Aisha," akasema, "mwambie Bi Kidawa simlaumu. Lakini mwambie siku nyingine atie kijiko, kama Mhina wako." Alijaribu kucheka. Basi likaondoka kuelekea Tongoni, na kule mbele kulikuwa na mto wa kuvuka, na yeye alikuwa hajawahi kuvuka mto wowote bila mimi.

Nilikwenda Mwera kila nilipopata nauli, na nilipokosa nilikwenda kwa miguu hadi pale miguu ilipokataa. Nilipata baadaye chumba chenye komeo, tena nikajenga nyumba, lakini Zaina alikuwa ameshakua na watu wa kule, ameolewa, amezaa. Alikuja kwetu kama mgeni na kuondoka kama mgeni, akikunja mkeka aliolalia. Watu husema mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu. Nililea mmoja. Huyo mwingine nilimtembelea.

Siku ya tatu ya matanga mimi na Sefu tulikwenda kaburini. Yeye sasa ana mkongojo na meno machache kuliko aliyokuwa nayo mwaka ule. Wajukuu walikuwa wameshazungusha vijiwe vya pwani. Nilitoa kibanzi changu na cha Zaina nikavikutanisha, na kama nilivyojua, havikukutana. Kati yao pana nafasi ya kipande kile kinene, ambacho kama bado kipo, kipo ndani ya trei ya watu wasiotujua. Lakini kingo za vibanzi vyetu zilikuwa kali kama siku ya bakuli. Miaka yote hiyo ndani ya mapindo ya kanga, pamoja na sarafu na funguo, na havikuchakaa hata kidogo. Kibanzi changu nikakisimamisha kichwani mwa Zaina, kama mwimo. Sefu akasema ni kijiti kibaya cha kahawia, kwa nini nisitafute kilicho cheupe. Nikamwambia ainame. Aliinama kwa taabu, ameushika mkongojo kwa mikono miwili, shavu karibu na mchanga, na jua lilikuwa mahali pake. "Kumbe," akasema, na akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani magoti yake yangemruhusu.

Tuliporudi, Mwanajuma alikuwa mlangoni na chetezo, moshi unapanda, akiwafukiza wote waliotoka makaburini kabla hawajaingia ndani. Sefu akafukizwa. Mimi nikalikaza pindo la kanga yangu, lenye kibanzi cha mdogo wangu, nikampita.